Vito vilivyolala kwenye pamba

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Tanga, alikuwa na kijaluba cha shaba ambacho sisi wajukuu tulikatazwa kukigusa. Ndani yake, juu ya pamba, vililala vipuli vyake vya dhahabu, mkufu mmoja mwembamba na bangili mbili za harusi. Mwaka alipokwenda Pemba msibani na kukaa huko hadi arobaini, kijaluba alikiacha kwa jirani yake. Aliporudi, jirani alikuja nacho usiku, amekifunika kwa upindo wa kanga. Bibi akakipokea, akakitia chini ya mto, wakaendelea na habari za marehemu. Hakukifungua. Jirani alipoondoka nikamuuliza, "Bibi, huhesabu?" Akanijibu kwamba amana haihesabiwi mbele ya macho ya aliyeitunza, kumhesabia mtu ni kumtukana.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma habari za Marie-Thérèse Charlotte, binti mkubwa wa mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa na malkia Marie Antoinette. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na sentensi iliyosema kwamba mama yake alivifunga vito vyake kwa pamba, jioni moja, akavitia kwenye kisanduku na kumpa mtu avitunze. Nikasimama hapo hapo. Tangu siku hiyo sijamwacha mwanamke huyu.

Wengi wanaomtaja humtaja kama mabaki ya hadithi ya mama yake. Marie Antoinette anajulikana dunia nzima. Mwanawe anapewa mstari mmoja, kwamba ndiye pekee aliyetoka hai. Lakini aliishi karibu miaka 73, akaona falme zikianguka mara tatu, na vito vilivyopita mikononi mwake leo ndivyo vinavyogombaniwa minadani kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2018 kidani kimoja cha lulu kutoka katika urithi wake kiliuzwa Geneva kwa dola milioni 36. Magazeti yaliandika jina la mama kwa herufi kubwa. Jina la binti, ambaye bila yeye kidani hicho kisingefika popote, lilikuwa chini sana.

Alizaliwa Versailles tarehe 19 Desemba 1778. Ufaransa nzima ilikuwa ikisubiri mtoto wa kiume, mrithi wa kiti. Kwa desturi ya kasri, malkia alijifungua mbele ya halaiki ya watu waliojazana chumbani hata akazimia. Bi. Campan, mjakazi wake mkuu wa chumbani, ameandika katika kumbukumbu zake maneno ambayo malkia alimwambia mtoto: kwamba maskini wewe, hukuwa uliyetamaniwa, lakini hutapungua kuwa mpenzi wangu kwa sababu hiyo. Mtoto wa kiume angekuwa mali ya dola. Wewe utakuwa wangu.

Naomba msomaji ayaweke maneno hayo kando, nitayarudia.

Nyumbani mama yake alimpa jina la utani, Mousseline, yaani melimeli. Kitambaa kile kile chepesi tukijuacho sisi kwa mashati na vilemba. Na kwa kuwa mtoto alikuwa hacheki ovyo, wakamwongezea: Melimeli mwenye uso wa mambo mazito. Nimeziangalia picha zake za utotoni na kweli uso wake unakuangalia kama mtu mzima aliyekuja kudai deni.

Sasa turudi nyuma miaka miwili kabla hajazaliwa, kwa sababu vito vina umri mkubwa kuliko yeye. Mwaka 1776 Marie Antoinette, msichana wa miaka 20 aliyekuwa malkia kwa miaka miwili tu, alinunua kwa sonara Boehmer jozi ya bangili za almasi kwa livre 250,000, livre ikiwa fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Sehemu ya bei aliilipa kwa kumpa sonara mawe yake mengine, na kwa iliyobaki ikabidi amwendee mumewe. Balozi wa Austria mjini Paris, Count Mercy-Argenteau, ambaye kazi yake ya siri ilikuwa kumpelekea mama wa malkia taarifa za kila anachofanya binti yake, akaandika barua Vienna. Mama huyo, Maria Theresa, mtawala wa Austria, akajibu kwa uchungu. Alimwandikia binti yake kwamba habari za namna hiyo zinamchoma moyo, hasa akifikiria mbele kuna nini.

Sipendi waandishi wanaoruka hapa. Livre 250,000 zilikuwa fedha za kutisha katika nchi ambayo miaka michache baadaye wanawake wa Paris wangetembea kwa miguu hadi Versailles kudai mkate. Nawapenda watu wa hadithi hii, lakini njaa ya watu haifichwi kwa pamba. Maria Theresa aliona mbali kuliko wote, na alikufa mwaka 1780 kabla ya kuona alichokiogopa.

Boehmer huyo huyo, pamoja na mwenzake Bassenge, ndiye aliyetengeneza mkufu wa almasi wa bei ya kupindukia ambao malkia aliukataa, na matapeli wakaupata mwaka 1785 kwa kulitumia jina lake. Malkia hakuugusa mkufu ule. Lakini watu walikwisha kusikia habari za bangili, na aliyewahi kununua bangili za livre 250,000 hawezi kuaminika anaposema mkufu sikununua. Deni la bangili lililipwa kwenye mkufu.

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789 familia ikahamishwa kwa nguvu kutoka Versailles hadi kasri la Tuileries, Paris, ikiwa chini ya ulinzi. Mwanzoni mwa mwaka 1791 wakaanza kupanga kutoroka. Bi. Campan anasimulia kwamba jioni moja ya Machi malkia alijifungia naye katika chumba kidogo, wakavifunga kwa pamba almasi, yakuti na lulu zake mwenyewe, wakavipanga katika kisanduku. Wawili tu, bila mjakazi mwingine. Nafikiri sana juu ya jioni ile. Anayefunga pete na mkufu mmoja mmoja kwenye pamba anajua kila kimoja kilivaliwa siku gani.

Kisanduku kikapelekwa Brussels, mji uliokuwa chini ya Austria wakati huo. Na mtunzaji wake alikuwa nani? Mercy-Argenteau. Mzee yule yule aliyeandika barua ya kulalamikia bangili miaka 15 kabla. Bangili alizozilaani zikamfikia mikononi, zikiwa amana, akazihifadhi. Nilipoliunganisha hili nilinyanyuka kwenye kiti. Hakuzipenda, hakukubali zinunuliwe, alimshitaki mwenye nazo kwa mama yake. Ilipofika saa ya shida, hakuna aliyeaminika kuliko yeye.

Familia ilitoroka usiku wa tarehe 20 Juni 1791, ikakamatwa Varennes. Msimamizi wa kituo cha farasi, Jean-Baptiste Drouet, alikuwa ameutambua uso wa mfalme njiani akaenda mbio kutoa taarifa. Marie-Thérèse alikuwa na miaka 12, amekaa ndani ya gari akiigiza mtoto wa mtu mwingine. Mshike Drouet huyu akilini.

Tarehe 13 Agosti 1792 wakafungwa katika mnara wa Temple. Baba akauawa kwa gilotini tarehe 21 Januari 1793. Julai mdogo wake, Louis-Charles, akatolewa mikononi mwa mama na kuwekwa chumba cha ghorofa ya chini. Agosti mama akachukuliwa usiku. Mei mwaka uliofuata akachukuliwa shangazi yake, Élisabeth, aliyekuwa amebaki kumlea. Akawa peke yake, na miaka yake 15.

Zaidi ya mwaka mmoja aliishi hivyo. Walinzi waliingia, wakakagua, wakatoka. Mama yake alikuwa ameuawa tarehe 16 Oktoba 1793 na shangazi siku moja baada ya kuchukuliwa, yeye hakuambiwa. Mdogo wake alikufa tarehe 8 Juni 1795 katika mnara huo huo, chini ya miguu yake, akiwa na miaka 10; hakuambiwa. Ukutani aliandika kwamba Marie-Thérèse ndiye mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote duniani. Hapati habari za mama yake wala haruhusiwi kwenda kwake, ingawa ameomba mara elfu. Akamwombea mama huyo aishi maisha marefu. Wakati huo mama alikuwa kaburini.

Walipomletea mwanamke wa kukaa naye, katikati ya 1795, mwanamke huyo ndiye aliyembebea habari zote kwa pamoja: mama, shangazi, mdogo wako, hayupo hata mmoja. Waliomsikia Marie-Thérèse akizungumza katika utu uzima waliisema sana sauti yake kwamba ilikuwa nzito na ya kukwaruza. Watu wa Paris waliona ni ukali. Mimi naona ni sauti ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila mtu wa kuzungumza naye katika umri ambao sauti inakua.

Akatolewa gerezani usiku wa kuamkia siku yake ya kutimiza miaka 17, Desemba 1795. Hakuachiliwa kwa huruma, alibadilishwa. Austria ilikuwa imeshika wafungwa kadhaa wa Jamhuri ya Ufaransa, na mpakani Basel, Uswisi, wakabadilishana. Miongoni mwa waliotolewa ili yeye apite alikuwemo Drouet, mtu wa Varennes.

Alifika Vienna Januari 1796. Kisanduku kilikuwa kimemtangulia. Mercy alikuwa amekufa mwaka 1794, na mwaka huo huo, kwa amri ya mfalme Francis wa Austria, kisanduku kilikuwa kimefunguliwa na kila kitu kikaandikwa kwenye orodha. Namba 6 ilikuwa jozi ya bangili za almasi, zimeelezwa hadi idadi ya mawe yake. Kwa kipimo cha bibi yangu hapo heshima ya amana ilivunjwa kidogo. Lakini orodha ile ile, iliyoandikwa na makarani wasio na machozi, ndiyo iliyowezesha bangili hizo kutambuliwa zaidi ya miaka 200 baadaye. Vito vikakabidhiwa kwa binti. Nguo za mama zilikuwa zimeporwa au kugawanywa, nyumba zilikuwa za taifa. Kilichobaki kilienea ndani ya kisanduku kimoja.

Sehemu hii ndiyo inayonifanya nisikubaliane na wanaosema vito ni upuuzi wa wenye nacho. Kwa wanawake wengi wa pwani yetu dhahabu ilikuwa benki, bima na hati ya talaka. Ilivaliwa mwilini kwa sababu mwili ndio mahali pekee ambapo mume au wakwe hawakuweza kudai ni pao. Malkia aliyejifungia Tuileries alikuwa anafanya hesabu hiyo hiyo. Alimwekea binti yake kitu kinachobebeka.

Na kikabebwa kweli. Juni 1799 aliolewa na binamu yake, Louis Antoine, Duke wa Angoulême, huko Mitau, mji ambao leo uko Latvia, ambako baba mdogo wake, aliyejiita mfalme Louis wa 18, alikuwa akiishi kwa hisani ya mfalme wa Urusi. Januari 1801 mfalme huyo wa Urusi, Paul, akabadili nia akawafukuza katikati ya baridi kali. Marie-Thérèse alifuatana na mzee yule kwenye theluji, na fedha zilipowaishia aliweka almasi zake rehani ili mzee apate gharama za njiani. Watu wakamlinganisha na Antigone, binti wa hadithi za Kigiriki aliyemshika mkono baba yake kipofu. Hadithi nzuri, ila mimi namwona zaidi mwanamke wa miaka 22 amesimama mbele ya mkopeshaji katika mji wa kigeni, anafungua kitambaa.

Miaka ya Warsaw na ya Hartwell House nchini Uingereza naipita. Ilikuwa miaka ya kusubiri, na hakupata mtoto.

Mwaka 1814 Napoleon akaanguka na Bourbon, familia yake ya kifalme Marie-Thérèse, ikarudi Paris. Hapo ndipo linapoanza sanduku la pili la vito, na watu wengi huyachanganya mawili haya. Louis wa 18 alikuwa mjane, kwa hiyo hakukuwa na malkia. Marie-Thérèse ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Ufaransa, na juu ya kichwa chake vikawekwa vito vya taji, yaani vya dola. Masonara wa kifalme, ukoo wa Bapst, walivunja mapambo ya enzi za Napoleon wakayaunda upya. Kati ya kazi zao iko tiara, yaani taji dogo la kike, ya zumaridi na almasi iliyokamilika mwaka 1820: zumaridi 40, almasi zaidi ya 1,000, zimesukwa kama majani na mizabibu inayokutana kwenye jiwe moja kubwa la kijani katikati. Ni kazi ya hali ya juu sana. Ukiitazama karibu utaona fundi hakutaka jiwe lolote lijione ni kubwa kuliko tawi lililolibeba.

Lakini haikuwa yake. Aliivaa kwenye hafla, ikarudi kwa mtunza hazina. Paris ilitarajia mama yake arudi, kijana, mwenye kucheka na manyoya kichwani. Akaja mwanamke wa miaka 35 mwenye macho mekundu, nguo za kawaida na sauti ya kukwaruza. Hawakumsamehe kwa hilo. Jambo lake la kwanza kubwa halikuwa hafla: tarehe 21 Januari 1815 mabaki ya wazazi wake, yaliyokuwa yamefukuliwa, yalipelekwa kuzikwa Saint-Denis, miaka 22 kamili tangu baba auawe. Napoleon aliporudi mwaka ule kwa zile siku mia moja, yeye alikuwa Bordeaux, akapita kambini kwa wanajeshi akiwaomba wasigeuke. Waligeuka. Napoleon mwenyewe alisema kwamba huyo ndiye mwanaume pekee katika familia yake.

Julai 1830 mapinduzi mengine. Alikuwa safarini akitoka Vichy kwenye maji ya tiba. Akarudi amejibadilisha mavazi ili asitambuliwe. Baba mkwe wake, Charles wa 10, alijiuzulu huko Rambouillet tarehe 2 Agosti, na kwa kuwa mumewe alitia saini yake dakika kadhaa baadaye, kuna wanaohesabu kwamba kwa dakika 20 hivi Marie-Thérèse alikuwa malkia wa Ufaransa. Vito vya taji vilikuwa vimechukuliwa hadi Rambouillet. Vikarudishwa Paris. Tiara ya zumaridi ikarudi ilikotoka, na yeye akapanda meli Cherbourg na kile kilichokuwa chake.

Nimetumia muda mrefu kuwaza tofauti ya masanduku haya mawili, na hapo maneno ya mama yake siku ya kuzaliwa yananirudia. Mtoto wa kiume angekuwa wa dola. Wewe utakuwa wangu. Vito navyo viligawanyika hivyo hivyo. Vya dola vilikwenda njia ya dola: mkewe Napoleon wa 3, Eugénie, aliivaa tiara ile ile, kisha mwezi Mei 1887 Jamhuri ikauza sehemu kubwa ya hazina. Wabunge waliona kwamba pasipo taji hapatakuwa na anayelitamani. Mnada ulifanyika ndani ya Louvre yenyewe, jumba la makumbusho la Paris, ukaingiza zaidi ya faranga milioni 7, na mnunuzi mkubwa kuliko wote akawa Tiffany wa New York. Mikufu ilikatwa vipande ili iuzike. Kama kuna siku moja ya historia ya usonara ambayo ningeizuia, ni hiyo. Ufaransa imetumia zaidi ya karne moja kuvinunua tena kimoja kimoja. Tiara ya zumaridi iliishia Uingereza, ikakaa miaka 20 hivi kwenye kabati la vioo la makumbusho ya Victoria and Albert, London, hadi Louvre ilipoinunua mwaka 2002.

Ndiyo maana asubuhi ile ya tarehe 19 Oktoba 2025, niliposikia kwamba wezi wamepanda kwa ngazi ya lori hadi dirisha la Galerie d'Apollon, ukumbi wa vito wa Louvre, na kuondoka na vito, nilishika simu mikono ikitetemeka. Niliisoma orodha ya vitu vinane vilivyoibwa jina kwa jina. Yakuti samawi za malkia Hortense na Marie-Amélie. Zumaridi za Marie-Louise, mke wa pili wa Napoleon. Tiara ya lulu ya Eugénie. Taji lake, kitu cha tisa, liliangushwa nje likapondeka. Tiara ya Marie-Thérèse haikuwemo. Nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru, maana kila kitu kilichoibwa kilikuwa na mwanamke wake. Baadaye nikaikumbuka tarehe yenyewe. Alikufa tarehe 19 Oktoba, mwaka 1851.

Miaka yake ya mwisho aliiishi Frohsdorf, karibu na Vienna, baada ya Edinburgh, Prague na Gorizia. Alimlea mtoto wa shemeji yake, Henri, na dada yake Henri, Louise, kama wake. Kila mwaka tarehe 21 Januari na tarehe 16 Oktoba alijitenga na watu akawaombea baba na mama. Oktoba 1851 alikuwa mgonjwa wa mapafu. Tarehe 16 ilipofika bado aliitimiza siku ya mama yake. Siku tatu baadaye akafa. Alizikwa Kostanjevica, katika monasteri iliyo kwenye kilima juu ya mji wa leo wa Nova Gorica, Slovenia. Juu ya kaburi ameandikwa malkia wa Ufaransa. Zile dakika 20 zikachongwa kwenye jiwe.

Vito vya mama aliwaachia hao watoto aliowalea. Kupitia Louise, aliyeolewa na Duke wa Parma, vikaingia katika ukoo wa Bourbon-Parma, kwa mwanawe Robert, ambaye alikuwa na watoto 24 kwa wake wawili. Ukoo wenye watu wengi namna hiyo, uliopitia vita mbili kuu na kupoteza kiti cha Parma, ulikuwa na kila sababu ya kuuza. Havikuuzwa. Vilivaliwa harusini, vikarithishwa, vikavaliwa tena. Nani anajua ni mabibi wangapi katika ukoo ule walifungua kisanduku wakawaonyesha wajukuu, halafu wakakifunga.

Hatimaye vikafika mnadani Geneva, tarehe 14 Novemba 2018. Kidani cha lulu, tone moja la asili lenye urefu wa milimita 26 hivi likining'inia chini ya fundo la utepe wa almasi, kilikadiriwa dola milioni 1 hadi 2. Lulu za enzi hizo hazikupandwa shambani. Mtu alizama na pumzi yake moja kuitafuta, na hakujua kama chaza atakayemfungua ana kitu. Bei ikapanda hadi milioni 36. Bangili za mwaka 1776, zile za barua ya Mercy, zile za namba 6, ziliuzwa Novemba 2021 kwa faranga za Uswisi karibu milioni 7.5. Jumla ya almasi zake ni 112.

Niliangalia picha za bangili hizo hadi macho yakauma. Safu tatu tatu za almasi zilizokatwa kwa mtindo wa kale, ambao haumeremeti kwa ukali wa mawe ya siku hizi. Unawaka polepole, kama makaa. Zimeandaliwa kwa mkono mwembamba. Nafikiri Maria Theresa angezisamehe kama angejua zitamfikia nani.

Lakini kitu ninachokirudia mimi ni kingine. Katika mnada ule wa 2018, kati ya vito 100 hivi vya ukoo huo, ilikuwemo pete ndogo yenye herufi M na A zilizoandikwa kwa almasi. Ndani yake mna nywele za Marie Antoinette. Mtaalamu wa mnada alikuwa amefikiria itafika dola 50,000 ikizidi sana. Watu walishindana hadi ikapita 400,000. Almasi zake ni ndogo mno, sonara wa mtaani asingezipa bei. Nywele zenyewe hazina bei kabisa.